Maoni Yatima ya Daraja la Maridhiano

Nchi yetu ina gazeti moja kubwa liitwalo Upeo, na kwa miaka kumi na moja mimi nimekuwa mchujaji wa maoni katika gazeti hilo. Jina langu ni Zamoyoni Kitwana Mbegu. Nalitaja mapema kwa sababu siku hizi ndivyo sheria inavyotaka, nami ni mtu wa kufuata sheria.

Kazi ya mchujaji ni nyepesi. Habari ikishapandishwa mtandaoni, wasomaji huandika maoni yao chini yake, nami huyasoma kabla hayajasomwa na wengine. Matusi nayatupa. Matangazo ya waganga nayatupa. Yanayobaki nayarekebisha tahajia, kwa kuwa mhariri wetu, Bwana Idarusi Mkweche, anaamini kwamba taifa lisilojua mahali pa kuweka herufi h haliwezi kuheshimiwa na mataifa mengine. Nasoma maoni kama mia tano kwa siku, na nikifika nyumbani siyakumbuki. Watu huniuliza kama kazi ile inachosha. Haichoshi. Haifanyi kitu chochote.

Zamani watoa maoni hawakuwa na majina. Yaani walikuwa nayo, ila si yale ya kwenye vitambulisho. Alikuwepo Mchungu wa Nchi, alikuwepo Mama Chapati, na alikuwepo Mzalendo Halisi, ambaye alisifu kila habari ndani ya dakika moja tangu itoke, hata za misiba. Na alikuwepo Mpita Njia.

Mpita Njia aliandika kwa mara ya kwanza siku lilipofunguliwa Daraja la Maridhiano. Daraja hilo linavuka Mto Luvumo unaougawa mji mkuu wetu, na lilijengwa kwa miaka minne. Siku ya ufunguzi Waziri wa Kauli na Utulivu alihutubia kwa saa mbili na nusu juani. Alisema daraja si zege, daraja ni moyo. Alisema mataifa mengine yana madaraja lakini hayana maridhiano, na mengine yana maridhiano lakini hayana mto. Akakata utepe, akapita kwa miguu hadi katikati, akapungia maji mkono, akarudi alikotoka. Malori yalitakiwa kuendelea na kivuko kwa muda, mpaka mipango ya sherehe nyingine, ya ufunguzi wa malori, ikamilike.

Chini ya habari hiyo Mpita Njia aliandika: "Daraja hilo lina minguzo mitano. Mchoro una minguzo saba. Msipitishe malori."

Nikayasoma. Hayakuwa na tusi. Nikaona ile "minguzo" ni kosa, nikaweka "nguzo" kama sisi wote tunavyosema, nikapatanisha sarufi, nikabonyeza kitufe cha kuruhusu. Kisha nikaendelea na Mama Chapati.

Kufika saa sita mchana watu mia nane walikuwa wameuliza kama ni kweli. Mzalendo Halisi aliandika mara thelathini na moja kwamba daraja ni zuri. Jioni Mpita Njia akarudi na maneno machache: "Nendeni mkaihesabu." Nikarekebisha tena, nikaruhusu.

*

Serikali yetu si ya kupuuza mambo. Siku ya tatu iliunda tume. Haikupeleka mtu mtoni, kwa sababu mto upo siku zote na hauna haraka. Tume ilipewa kazi ya kuhesabu ni raia wangapi wanasema nguzo ni tano, na ni akina nani. Ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, katibu, na afisa wa kuhakiki idadi ya wajumbe.

Tume ikafika ofisini kwetu na kutaka kujua Mpita Njia ni nani. Bwana Mkweche akaniita niwaeleze. Nikawaambia kwamba mtandao wetu hauulizi majina. Mtu anaandika jina atakalo, basi. Mjumbe mmoja akauliza kama nimejaribu kulitafuta jina la Mpita Njia katika daftari la wapigakura. Nikasema sijajaribu. Wakaenda kujaribu wao, wakapata watu watatu, wote wakiwa wazee sana, mmoja wao amekufa.

Ndipo likaanza lile suala kubwa ambalo kila mtu katika nchi alikuwa na la kusema juu yake: je, gazeti liruhusu maoni ya mtu asiyetaja jina? Chanzo kimoja kutoka wizarani, ambacho hakikutaka kutajwa jina, kililiambia gazeti letu kwamba serikali inachukizwa sana na watu wasiotaka kutajwa majina. Bwana Mkweche naye akaandika tahariri kali yenye kichwa "Asiye na Jina Hana Hoja". Nilipomuuliza kama niweke jina lake chini yake, aliniambia kwa subira kwamba tahariri haiwekwi jina. Tahariri ni sauti ya taasisi, alisema, na taasisi haina mama.

Bunge likapitisha Sheria ya Jina Kamili baada ya mjadala wa siku mbili. Ilipita kwa kura ya siri.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu akitaka kutoa maoni chini ya habari yoyote alitakiwa kuja ofisini kwetu yeye mwenyewe na Fomu ya Maoni Namba Tisa. Ndani yake aandike jina lake, la baba na la babu, namba ya kitambulisho, na abandike picha mbili, moja akitabasamu na moja akiwa amekasirika, ili aina ya maoni iweze kulinganishwa na uso. Aambatanishe barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba ameisoma habari husika hadi mwisho. Maoni yangepandishwa baada ya siku tisa.

Mwezi wa kwanza walikuja watu wanne. Watatu walikuwa watumishi wa Wizara ya Kauli. Wa nne alikuwa mzee mmoja aliyepotelewa na ng'ombe. Alikuwa amesikia kwamba hapa unajaza fomu kisha nchi nzima inakusikia. Nilimjazia. Ng'ombe hakupatikana.

Nilikuwa nikikaa pale dawatini bila cha kusoma. Nilidhani ningefurahi. Nilikaa tu.

*

Sheria ile ilikuwa na kifungu kimoja cha mwisho kuhusu maoni yaliyokwisha kuchapishwa kabla yake. Haya yaliitwa maoni yatima. Kila maoni yatima yalipewa siku kumi na nne kupata mlezi, yaani raia mwenye jina kamili atakayekubali kuyabeba kama yake. Yasipopata mlezi yangefutwa.

Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya Mzalendo Halisi, maana sifa zake zote nazo zilikuwa yatima. Siku ya kwanza akaja karani mmoja wa wizara, Bwana Shomvi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawa mlezi wa maoni elfu nne mia mbili na kumi kwa asubuhi moja. Alitia saini mpaka vidole vikamkakamaa, ikabidi nimshikie karatasi. Mengine yote hayakupata mtu. Mama Chapati hakuja. Mchungu wa Nchi hakuja.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Nilikwenda mtoni. Sikuwa na nia yoyote. Mama yangu anakaa upande wa pili, nami nilikuwa nikitoka kwake. Niliteremka kwenye mchanga ambako wanawake hufulia, nikasimama pale daraja linapoonekana lote kwa ubavu. Nikahesabu kutoka kushoto. Nikapata tano. Nikahesabu kutoka kulia, nikapata tano. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisuuza shuka aliniangalia, kisha akainamisha macho.

Mama huvuka daraja lile kila Jumamosi kuja kwangu, na majirani zake huvuka kila siku kwenda sokoni.

Siku ya kumi na nne, dakika chache kabla ya kufunga ofisi, nilitoa Fomu Namba Tisa kwenye mtoto wa meza. Nikaandika jina langu, la baba na la babu. Nilikuwa na picha moja tu, sitabasamu wala sijakasirika, nikaitoa kivuli na kubandika zote mbili. Mwenyekiti wa mtaa wangu alikuwa amenigongea barua asubuhi bila kuuliza. Nikawa mlezi wa maneno ya Mpita Njia.

Bwana Mkweche alipita akiwa na mkoba wake, akasoma fomu kutoka juu ya bega langu.

"Zamoyoni," alisema, "unajua unachofanya?"

"Najaza fomu, Bwana Mkweche."

Akasema kwamba yeye hajaiona, na akaenda nyumbani.

*

Niliitwa mbele ya Tume baada ya wiki moja. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti ya upole, na kila alipotaka kuniuliza jambo alitanguliza pole. Alitaka kujua kama maneno yale ni yangu. Nikasema nimeyalea, sikuyazaa. Akauliza mzazi ni nani. Nikasema simjui, na wakati huo ilikuwa kweli.

"Sasa wewe umejuaje kuwa ni tano?"

"Nilikwenda nikazihesabu, mheshimiwa."

Katibu aliacha kuandika.

"Ulikuwa na kibali cha kuhesabu?"

Nikasema sikuwa nacho. Mwenyekiti akanieleza bila ukali kwamba kuhesabu mali ya umma ni kazi ya Idara ya Takwimu, iliyosomea, na kwamba raia akiachiwa ahesabu mwenyewe anaweza kupata jibu. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mmoja wao akaandika sentensi hiyo kwenye daftari lake.

Kisha akaitwa shahidi mtaalamu, Mhandisi Faraji Nyambuko, aliyesimamia ujenzi wa daraja tangu msingi hadi rangi. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, suti imempwaya, kalamu nne mfukoni. Alitaja majina yake matatu na namba yake ya usajili kwa sauti iliyosikika vizuri. Mwenyekiti akamwomba aiambie Tume ukweli wa jambo lile.

Alikuwa akiitazama meza. "Minguzo ni saba," alisema.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, nikakiweka chini.

Nieleze jambo hili vizuri, maana ndani ya ukumbi ule mimi peke yangu nililielewa. Maneno ya Mpita Njia yalipochapishwa yalisema "nguzo". Nchi nzima ilisoma "nguzo", Tume ilisoma "nguzo", na hata fomu yangu iliandikwa "nguzo". Ile "minguzo" niliiona mimi tu kwenye dawati langu, nikaifuta kwa kidole changu mwenyewe. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine. Na sasa nilikuwa nikiisikia kwa masikio, kutoka kinywani mwa mtu mwenye jina kamili, aliyekuwa akiapa kinyume cha alichokiandika.

Mjumbe mmoja aliuliza, kwa kuwa ni saba, mbona kuna fununu kwamba zinazoonekana ni tano. Mwenyekiti alimsaidia Mhandisi kujibu. Alisema nguzo tano ziko katika ngazi ya zege na mbili ziko katika ngazi ya sera. Tume ikaridhika.

Kabla hawajafunga, Mwenyekiti alinigeukia tena. Akaniuliza kama tangu nifike pale nimepata kumfahamu Mpita Njia. Mhandisi Nyambuko aliinua uso, tukatazamana. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema.

Huo ndio uongo pekee niliowahi kuusema kwa jina langu kamili, na mpaka leo umo katika kumbukumbu za Tume, ukurasa wa themanini na mbili.

Sikufungwa. Nchi yetu haifungi watu kwa ajili ya maoni. Nilitia saini hati ya kuahidi kwamba, kuhusu idadi ya nguzo za Daraja la Maridhiano, sitataja tena hadharani wala faraghani namba yoyote isipokuwa saba. Maoni yale yalifutwa, nami nikarudishwa kazini kwa onyo.

Mhandisi alinikuta kwenye ngazi nikisubiri mvua ipungue. Alisimama pembeni yangu kama mtu asiyenijua.

"Kwa nini hukunitaja, dada?"

Nikamwambia sikuona kama ingebadili idadi.

Akaniambia kwamba alitia saini miaka miwili iliyopita, mkandarasi alipoleta karatasi za kupokea kazi ya nguzo. Karatasi zilisema saba, na wakubwa wote walikuwa wamekwisha saini juu yake. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kwake. Tangu hapo akawa kila akipita pale anahesabu. Alijaribu kusema wizarani, akaambiwa aandike barua, na barua inataka jina. Ndipo akaandika gazetini.

"Nimejuaje kuwa ni wewe, hutaki kujua?" nilimuuliza.

Akasema anataka. Nikamwambia. Alikunja uso, akasema kwao kijijini wote wanasema minguzo, hakuwahi kujua kuwa ni kosa. Ilionekana kumsumbua. Mvua ilipopungua akaenda zake.

*

Malori yaliruhusiwa kupita wiki iliyofuata. Kulikuwa na sherehe nyingine, Waziri akahutubia tena, kivuko kikavutwa nchi kavu na kugeuzwa mgahawa.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa mama badala ya yeye kuja kwangu. Nilimkuta barazani akichambua mchicha.

"Redio inasema ni saba," alisema. "Wewe unasema ngapi?"

"Mama, nimetia saini. Nimeruhusiwa kusema saba tu."

"Basi sema."

Sikusema. Alichambua mchicha mpaka ukaisha, akakung'uta kanga.

"Basi mimi nitakuwa napita reli," alisema.

Daraja la zamani la reli liko upande wa juu wa mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mama ana goti bovu. Kuanzia siku hiyo alipita huko. Majirani walipomuuliza, aliwaambia kwamba mwanawe ameruhusiwa kusema saba na hakusema. Wachache walielewa wakamfuata. Wengi walicheka. Bi. Tabia, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta na aliyeuza dagaa sokoni, alimwambia kwamba mtu hawezi kubeba beseni kichwani mwendo wa saa nzima kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa.

Daraja lilianguka Jumatano, saa tisa alasiri, siku ya arobaini na moja tangu malori yaanze kupita. Juu yake kulikuwa na malori mawili ya saruji na watu waliokuwa wakirudi kutoka sokoni. Walikufa watu kumi na mmoja. Bi. Tabia alikuwa mmoja wao.

Habari ilifika ofisini kwa simu. Watu walisimama, wengine wakakimbilia mtoni. Mimi nilikaa. Chai yangu ilikuwa imefanya utando juu, nikautoa kwa kijiko, nikauweka kwenye kisosi, nikautazama. Nilijua kuna kitu napaswa kusikia moyoni. Nilikingoja mpaka saa kumi na moja, hakikuja, nikafunga mtoto wa meza nikaenda kwa mama.

Kesho yake Upeo liliandika: "Daraja la Maridhiano Lapumzika". Waziri alinukuliwa akisema kwamba daraja limetimiza wajibu wake mapema kuliko ilivyokadiriwa, jambo ambalo si kawaida katika miradi ya umma. Alisema uchunguzi wa awali unaonyesha kwamba nguzo tano zilizoanguka ni zile za ngazi ya zege. Zile mbili za ngazi ya sera ziko salama.

Chini ya habari hapakuwa na maoni. Fomu huchukua siku tisa. Rambirambi ya kwanza, ya Bwana Shomvi kwa niaba yake binafsi, ilionekana siku ya kumi, matanga yakiwa yameshaanuliwa.

Matangani kwa Bi. Tabia nilikaa na wanawake, mama upande wangu wa kulia. Hakuna aliyenisema. Siku ya pili dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mzito aliyetoka mkoani, alikuja akaketi mkekani mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyetia saini karatasi?"

Nikasema ni mimi.

"Ungesema tu," alisema.

Nikamwambia nilisema. Nikamwambia niliandika gazetini, kwa jina langu na la baba na la babu yangu, na yakakaa pale wiki nzima.

"Sisi hatusomi gazeti," alisema. Hakuwa na hasira. Alinisogezea sinia la wali, nikala.

*

Mhandisi Nyambuko alikuja ofisini Jumatatu, wiki tatu baada ya ajali. Alikuwa amenyoa. Alikaa kwenye kiti cha wageni mbele ya dawati langu, akatoa bahasha, na ndani yake Fomu Namba Tisa ikiwa imejazwa kwa herufi za kihandisi, kila moja ndani ya kisanduku chake. Picha mbili, barua ya mwenyekiti wa mtaa, kila kitu. Kumbe aliituma kwa posta mara tu baada ya ajali, akaambiwa na mapokezi kwamba sheria inataka mtu aje mwenyewe, ikarudishwa, akaanza upya. Katika ile picha ya kutabasamu alikuwa amejitahidi.

Mahali pa maoni aliandika: "Mimi ndiye niliyesimamia kazi hii. Nilisaini saba nikijua ni tano. Mbele ya Tume nilirudia uongo huo. Waliokufa wamekufa kwa saini yangu na za wengine walio juu yangu katika karatasi ileile, na majina yao ni haya." Chini yake kulikuwa na majina sita, yameandikwa na vyeo vyao. La mwisho lilikuwa la Waziri.

Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo.

Nikamwambia inachukua siku tisa. Akaniuliza siku tisa ni za nini. Nikafikiri, kwa mara ya kwanza tangu sheria ianze, na sikupata jibu. Fomu huwa zinakaa tu kwenye trei. Kwa hiyo nikaichukua kutoka mkononi mwake, nikayachapa maneno yake yote na yale majina sita chini ya habari ya daraja kupumzika, nikabonyeza kitufe. Alikuwa akitazama kidole changu.

"Tayari?" alisema.

"Tayari."

Akahamia kwenye benchi la mapokezi, karibu na mlango, akakaa wima na mikono magotini. Nilimuuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri waje. Alikuwa amekuja na mfuko mdogo wenye mswaki, taulo na dawa zake za shinikizo la damu.

Tukasubiri. Saa nne Bwana Mkweche alitoka chumbani kwake akiwa amepauka, akayasoma kwenye skrini yangu, akamtazama Mhandisi, akarudi chumbani na kufunga mlango. Saa sita nilimpelekea Mhandisi chai na andazi. Saa saba simu ililia, sote tukaishtukia. Alikuwa mtu anauliza matokeo ya mpira.

Saa nane nilipiga mwenyewe wizarani. Nilidhani ni vyema kuwasaidia. Bwana Shomvi ndiye aliyepokea. Nikamuuliza kama wameona maoni ya leo katika Upeo. Akaniambia kwa adabu kwamba kile kitengo cha kusoma maoni kilivunjwa zamani, tangu sheria ipite. Zamani walikuwa wakisoma kila neno, mchana kutwa, kwa sababu hawakujua nani anasema. Sasa kwa kuwa kila msemaji anajulikana, hakuna haja tena ya kusoma. Akauliza kama kuna jambo. Nikamwambia hakuna, nikamshukuru.

Nikamtazama Mhandisi. Nilitaka kumweleza, kisha nikaona hana haraka.

Saa kumi nilihesabu waliosoma. Mtandao unaonyesha idadi. Walikuwa watu wawili, na mmoja alikuwa mimi.

Saa kumi na moja mlinzi alikuja na funguo, akasimama mbele ya benchi, akamwambia mzee, samahani, tunafunga. Mhandisi Nyambuko alinyanyuka polepole kama mtu aliyekaa sana. Aliokota mfuko wake, akanyoosha koti, akaja mpaka dawatini kwangu.

Akaniuliza kesho tunafungua saa ngapi. Nikamwambia saa mbili.